Tuchome, Lakini Si Mtu, Si Nyumba, na Si Kuni za Mama



Kuna wazo limezunguka kwenye kikundi chetu tangu mwezi uliopita. Yaani tujenge kazi moja kubwa ya sanaa kwa mikono yetu, tuipeleke ufukweni mwa ziwa, jioni tukusanyike wote, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na majirani zetu Wanyankole, halafu tuichome moto. Wengine wameshangilia. Wengine wamesema ni wazimu mtupu. Mimi nasema tufanye. Ila kwa mpango ulivyo leo, kama haubadiliki, bora tuuache. Nitaeleza sababu zangu, na ninaomba msome mpaka mwisho kabla ya kunipiga mawe.

Tuanze na wazo lenyewe limetoka wapi, kwa sababu wengi wanafikiri limeanguka kutoka mbinguni. Mwezi wa Juni 1986, kule San Francisco nchini Marekani, jamaa wawili, Larry Harvey na Jerry James, walitengeneza mtu wa mbao mwenye urefu wa futi 8, wakampeleka kwenye ufukwe wa Baker Beach na kumchoma. Waliokuwepo walikuwa kama watu 20 tu. Wakarudia kila mwaka, mtu wa mbao akazidi kurefuka, watu wakazidi kuja, mpaka mwaka 1990 askari wa hifadhi wakakataza kumchoma pale. Wakamhamishia jangwani Nevada, na sherehe iko kule mpaka leo. Inaitwa Burning Man. Afrika nayo ina ya kwake: Afrika Kusini, tangu 2007, wanafanya AfrikaBurn katika nyika ya Tankwa Karoo.

Kwa hiyo vijana walioleta wazo hawakuokota takataka. Ni kitu ambacho watu wamekifanya miaka mingi, wakajifunza. Na mimi nimeona mambo mawili ya kujifunza kwao kabla hatujawasha kiberiti.

La kwanza: ufukwe si mahali pako peke yako. Wale jamaa walihama Baker Beach kwa sababu umati na moto vilikuwa vimezidi nafasi. Sisi tukifukuzwa ufukweni hatuna jangwa la kuhamia. Wavuvi wanategemea mwalo huo huo, mama wauza samaki wanategemea huo huo, na watoto wanachota maji huko huko.

La pili: usafi wao unapimwa. Ile sherehe ya Nevada inafanyika kwenye ardhi ya serikali, na baada ya watu kuondoka serikali inakuja kukagua. Takataka zinazobaki zisizidi futi moja ya mraba kwa kila ekari. Waliojitolea wanapanga mstari, wanatembea polepole wakiinama, wanaokota hata msumari. Hayo ni maelfu ya watu, na bado wanapimwa. Sisi tutakuwa labda mia mbili. Tutashindwaje?

Sasa niingie kwenye ugomvi wangu na mpango wetu.

Mpango wa kwanza ulisema tujenge mtu mkubwa, kama wale wa Marekani. Nakataa kabisa. Kule San Francisco, mtu wa mbao anayewaka ni mchezo, watu wanacheka na kupiga ngoma. Hapa kuna watu waliokimbia kwa sababu waliona binadamu wa kweli anachomwa. Kuna watu ambao harufu ya tairi linaloungua inawafanya watetemeke. Huwezi kumwita jirani yako kwenye sherehe halafu umwonyeshe kile anachokiota usiku. Baadaye mpango ukabadilika, ikasemwa basi tujenge nyumba ya nyasi tuichome. Jamani! Nusu ya watu tunaoishi nao hapa nyumba ya mwisho waliyoiona kijijini kwao ilikuwa inaungua. Hapana.

Tena kuna wachungaji na mashehe ambao watasema tumejenga sanamu tuiabudu. Nawaelewa. Tukijenga mtu tutakuwa tumewapa sababu wenyewe.

Lakini wanaosema tuache moto kabisa, eti moto si utamaduni wetu, hao nao nawapinga. Nani hapa hajakesha kwenye matanga? Mtu akifa, moto unawashwa nje, wanaume wanakaa kuuzunguka, mama wanaimba, na moto haulali mpaka asubuhi. Sisi tunajua vizuri sana kazi ya moto kwa mtu mwenye huzuni. Shida yetu ni kwamba wengi wetu tuna watu waliokufa ambao hatukuwazika, hatukukalia matanga yao, na wengine hatujui kama wamekufa au wako hai. Matanga hayo tunadaiwa bado.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda unatoka Ireland ya Kaskazini. Kuna mji kule ambao hata jina lake ni ugomvi: Wakatoliki wengi wanauita Derry, Waprotestanti wengi wanauita Londonderry. Walipigana miaka mingi. Na moto kwao ulikuwa na maana mbaya, kwa sababu kila upande una siku zake za kuwasha moto mkubwa, na mara nyingi moto huo ulikuwa wa kumwonyesha jirani kwamba wewe si wa upande wake. Mwaka 2015 msanii mmoja Mmarekani, David Best, akaja akajenga pamoja na watu wa pale hekalu la mbao zilizochongwa, juu ya kilima. Pande zote mbili zikaenda. Watu wakaandika humo majina ya wafu wao, wakaandika maneno ambayo hawakuwahi kuyasema. Tarehe 21 Machi likachomwa mbele ya umati. Moto ule ule uliokuwa unawagawa ukawakutanisha.

Hilo ndilo nalitaka hapa. Kwa hiyo pendekezo langu la umbo ni hili: tutengeneze mzigo. Mzigo ule wa kichwani, uliofungwa kwa kitenge, ambao karibu kila familia ilitoka nao. Tuufanye mkubwa, urefu wa mtu mzima hivi, mviringo. Ndani tuweke mabua ya mahindi na majani makavu ya migomba. Juu yake kila anayetaka achomeke kipande cha karatasi, kaandika jina la mtu wake au neno lake, kwa lugha yake. Halafu tuutue chini, tuuwashe. Kutua mzigo, kila mtu hapa anaelewa maana yake bila kuelezwa. Na kwa upande wa usalama mzigo ni bora kuliko mnara, kwa sababu ni mpana chini na hauna kitu kirefu cha kuwaangukia watu.

Sasa kuni. Hapa ndipo penye ukweli mchungu. Mpango wetu ulisema tununue magogo. Nyumbani kwetu tuko watu sita, na mzigo mmoja wa kuni wa kichwani unaisha kwa siku tatu au nne. Maana yake mizigo miwili ni wiki nzima ya jiko. Mizigo kumi ni zaidi ya mwezi. Tuyachome kwa saa moja ili tupige picha? Wenye kutafuta kuni hizo ni mama zetu na dada zetu. Wanatembea mbali, wanaingia kwenye mashamba ya wenyeji, wanafukuzwa, wengine wanapigwa, wengine wanafanyiwa mabaya ambayo hawasemi. Ugomvi mwingi kati ya wakimbizi na wenyeji hapa unaanzia kwenye kuni. Sanaa inayochoma kuni hizo ni matusi kwa mama.

Ndiyo sababu nasema mabua na majani ya migomba. Hata hivyo tusijidanganye kwamba mabua ni takataka. Kuna familia zinapikia mabua, kuna wakulima wanayaacha shambani yarutubishe udongo, na mbuzi nao wanayataka. Basi tuyaombe kwa kila mwenye plot kwa kiasi kidogo, fungu moja moja, na anayekataa tusimlazimishe. Mafunjo ya ziwani tusiyakate hata moja. Ziwa letu ni sehemu ya ardhioevu ya Mburo na Nakivale, ambayo tangu 2006 iko kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, yaani orodha ya ardhioevu muhimu duniani. Tukitaka mafunjo, tuchukue mikeka ya zamani iliyochakaa.

Na kuna vitu ambavyo visikanyage kabisa pale. Turubai, hapana. Chupa za plastiki, tairi, magodoro, kamba za nailoni, hapana. Moshi wake ni sumu na unabaki kifuani. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, hapana, kwa sababu dawa nyingine ina aseniki na hiyo haiungui, inabaki kwenye majivu. Pia nimesikia mtu akisema tutumie zile fremu za mbao zinazobeba mizigo ya mashirika kwenye maghala. Sawa, lakini angalieni muhuri wake. Ukiona herufi HT, mbao ilitibiwa kwa joto. Ukiona MB, ilipulizwa gesi ya kuua wadudu, achana nayo. Na yenyewe ikiwa nzima, mpe fundi atengeneze dawati. Kuichoma ni hasara.

Kuhusu mchanga, watu wengi wanafikiri ufukweni ni salama kwa sababu hakuna cha kuungua. Si kweli. Pembeni ya ziwa, karibu na mafunjo, kuna udongo mweusi ulioundwa na mimea iliyooza. Udongo huo ukikauka unashika moto chini kwa chini, na unaweza kufuka siku nyingi bila wewe kuona mwali. Kwa hiyo tuchague mchanga mtupu, mbali na majani. Chini tuweke mabati ya zamani au pipa lililokatwa, tena tuliinue kwa mawe, ili joto lisiunguze ardhi na majivu yote yakusanyike mahali pamoja.

Tukimaliza, tusifukie makaa kwa mchanga. Hili naomba mlishike. Mchanga unafunika makaa, unayahifadhi joto, na kesho yake mtoto anapita peku anachota maji, anakanyaga. Tumwagie maji, tukoroge, tumwagie tena, mpaka ukishika kwa mkono pawe baridi. Majivu tusiyatupe ziwani. Majivu safi ya mabua yanafaa bustanini kwa kiasi, na yanafaa kwenye vyoo vya shimo kupunguza harufu na nzi. Misumari na waya tuokote kwa sumaku. Spika mbovu ya redio ina sumaku nzuri tu ndani. Halafu asubuhi, kama wale wa Nevada, mstari mmoja, kila mtu kainama, mpaka mwisho wa mwalo.

Sasa tarehe. Hapa najua nitawaudhi wengi. Kikundi kinataka tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, ambayo imeadhimishwa tangu 2001. Sababu inaeleweka: wageni wanakuja, kamera zinakuja, labda mfadhili atatuona. Lakini Juni huku kwetu ni kiangazi. Nyasi zimekauka, upepo ni mkali, cheche moja inaruka juu ya paa la nyasi au turubai na tunapoteza kijiji. Hakuna gari la zimamoto la kuja haraka hapa. Mwenye kusema tuwashe moto wa sanaa katikati ya kiangazi kwa ajili ya kamera, amwulize kwanza mama yake kama anakubali.

Mimi napendekeza Septemba, mvua zinapoanza. Ardhi ina unyevu, nyasi ni mbichi, na ndiyo wakati wa kupanda miti. Kwa hiyo mchana tupande, jioni tuchome. Tusitangaze eti miche elfu moja, halafu yote ikauke Januari. Tupande miche 50, kila mche na mtu wake anayejulikana, atakayeumwagilia kiangazi cha kwanza na kuuzuia mbuzi. Baada ya mwaka turudi tuhesabu iliyo hai. Namba hiyo ndiyo tuiweke hapa, hata ikiwa ni 12.

Na tuanze mapema jioni, kama saa kumi na mbili, jua likiwa linazama. Usiku mwingi si wetu pale. Viboko wanatoka majini kula nyasi, na hakuna anayetaka kukutana nao akiwa na watoto. Saa mbili tuwe tumezima. Kitambaa kifungwe kwenye mti kuonyesha upepo. Upepo ukielekea kwenye nyumba au mafunjo, tunaahirisha, hata kama wageni wamefika. Kamba izungushwe, watu wakae umbali wa angalau mara tatu ya urefu wa mzigo. Ndoo za maji zijae kabla kiberiti hakijatoka mfukoni. Mtu mmoja awe na mamlaka ya kusema hapana, na mtu huyo asiwe msanii, kwa sababu msanii atataka kuona kazi yake inawaka tu.

Ruhusa zinafahamika: kamanda wa makazi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, viongozi wetu wa kijiji, mwenyekiti wa LC1 upande wa wenyeji, polisi na wavuvi. Ila mimi ningeanza na wavuvi na mama wauza samaki. Wakubwa wanaweza kusaini karatasi, lakini wenye mwalo wakinuna, sherehe imekufa.

Najua swali linalokuja: watu wana njaa, nyinyi mnacheza na moto? Ni swali la haki. Aprili 2020 WFP ilikata mgao wetu hapa Uganda kwa asilimia 30, na tangu hapo umekatwa tena na tena. Kuna nyumba zinapika mara moja kwa siku. Jibu langu ni kwamba kazi hii isile hata shilingi moja ambayo ingeweza kuwa chakula. Hakuna posho ya kikao, hakuna fulana, hakuna bango. Mabua ya kuombwa, mabati ya kuazima, mikono yetu. Ikihitaji bajeti ya mfadhili, basi imeshakuwa kitu kingine. Lakini pia sikubali kwamba mwenye njaa hana haki ya kulia wafu wake mpaka ashibe. Babu zetu walikalia matanga hata mwaka wa njaa. Chakula kilipungua, moto haukukosekana.

Ndugu wa mashirika, kwenu nina maombi matatu. Msilete mabango. Msipige picha za karatasi zenye majina, kwa sababu kuna majina ambayo yakionekana mtandaoni yanaweza kumtafutia mtu hatari huku au kule alikotoka. Na mtuletee wale wenzenu wanaojua kuzungumza na watu wenye kiwewe, wakae pembeni mahali penye utulivu, kwa sababu kuna watu watakuja kwa moyo safi halafu moto ukiwaka kumbukumbu zitawashika. Siku tatu kabla tutangaze vijiji vyote vya karibu kwamba moshi utaonekana, ni moto wetu, hakuna vita. Msicheke. Mtu aliyekimbia mara mbili akiona moshi ghafla jioni, anafunga mzigo.

Huo ndio msimamo wangu. Anayeona nimekosea aje na mpango ulio bora. Anayekubali, aanze na kazi hizi mbili kabla hatujakutana: aulize nyumbani kwao kuni zinaisha kwa siku ngapi, na amwulize mzee mmoja kama angependa kuandika jina. Wazee wakisema hawataki, tuache. Wakisema ndiyo, basi Septemba tuutue mzigo.